Mpira wa Tarehe Kumi na Nne Agosti

Padre Anselmo, ndugu wa marehemu, majirani wa Palmarito, nanyi wachezaji wenzake wa zamani mliokuja na fulana za timu ambazo vifungo vyake havifungiki tena, kabla sijasoma neno namwomba kila mmoja abusu kidole chake na kuapa kwa Bikira wa Altagracia kwamba nitakayoyasema hayatavuka ua huu, hayatafika dukani kwa Mireya, wala hawatapigiwa simu wale walioko New York. Mmeapa? Mireya, nimekuona, kidole hukukibusu, umekipuliza. Haya, tuendelee hivyo hivyo.

Mimi ni Ercilia Matos Féliz, dada wa marehemu, nina miaka themanini na mbili, darasa la tano nimelimaliza, na nimepewa kazi hii kwa sababu katika ukoo wetu mwandiko wangu ndio unaosomeka. Padre amenipa dakika kumi. Padre bado ni mgeni hapa. Jeneza litafungwa saa kumi kamili, na kabla ya hapo nataka wifi yangu Nurys, mjane, aliyejikalisha kule karibu na jiko kama mtu aliyekuja kuosha vikombe, awe amekaa kwenye kiti chake kichwani kwa mumewe. Kwa nini hayupo pale mtasikia. Kwa sasa mahali hapo amesimama Bolo Cuevas, aliyekuwa mdakaji wa timu yetu ya besiboli na baba wa ubatizo wa mtoto wa marehemu, ambaye ameomba mwenyewe heshima ya kumlinda kompadre wake, akiwa amevaa koti zito katika joto hili. Mwacheni, kila mtu analia anavyojua.

Marehemu Eleuterio Matos Féliz, tuliyemwita Telo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, saa kumi na moja alfajiri, hapa hapa Palmarito, mkoa wa Barahona, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Silverio Matos, mpima miwa wa kiwanda cha sukari, na Bi Casilda Féliz, mfua nguo, ingawa kwenye karatasi alizaliwa upya tarehe 9 Machi 1952, kwa sababu mwaka 1967 wale Wamarekani waliokuwa wakizunguka kutafuta watupaji walitaka kijana wa miaka kumi na mitano na sisi tulikuwa na wa kumi na minane. Baba alikwenda ofisi ya vizazi na kuku wawili, akarudi bila kuku, akiwa na mtoto mdogo zaidi. Hiyo ilikuwa siri ya ukoo kwa miaka hamsini na sita, na sasa nimeivunja. Wakati ule tulijiona wajanja, lakini miaka ile mitatu ilimfuata Telo hadi uzeeni, akawa kila akienda kuulizia pensheni anaambiwa bado kijana, rudi baadaye, naye magoti yamekwisha na anashikilia ukuta.

Aliingia shule ya Palmarito Septemba 1956, na mwalimu wake, Bi Obdulia, alipoona anaandika kwa mkono wa kushoto akaufunga mkono huo kwenye kiti kwa kamba ya katani, kila siku, kwa miaka minne, kwa nia njema. Matokeo yake ni kwamba mwandiko wa Telo ulikuwa kama kuku amepita kwenye unga, na mkono wa kushoto ulikuwa unapumzika asubuhi nzima, ukitoka pale saa sita una hamu ya kutupa kila kitu, machungwa mabichi, mawe, viatu vyangu. Alimaliza darasa la nne Juni 1960 na hakurudi tena.

Hapa uani ndipo alipojizoeza, na mimi ndiye niliyekuwa mkimbiaji wake. Kwa wasiojua besiboli, na Padre ni mmojawapo, mkimbiaji aliyefika kituo cha kwanza hujiiba hatua mbili tatu kuelekea cha pili, akimwangalia mtupaji, na mtupaji akimtupia mpigaji, yeye anachomoka. Sasa Telo alikuwa na namna yake. Alikuwa anamtazama mpigaji kwa upole kabisa, anauinua mguu wa kulia kama anayetupa kwake, na katikati ya hapo mpira unakwenda kituo cha kwanza, na mkimbiaji ananaswa miguu hewani, watu wote wakimwona. Alininasa mimi mara nyingi hadi nikalia kwa hasira. Akaniambia, "Da Ercilia, usimtazame unayetaka kumkamata. Mtazame mwingine, tena kwa mapenzi, kama unamwomba chumvi." Katika kazi yake yote aliwanasa hivyo watu mia moja na kumi na watatu, na majina yao yako kwenye daftari lake, kwa mwandiko ule ule wa kuku.

Alitia saini mkataba tarehe 2 Juni 1967, jikoni kwetu, mama akiwa anakaanga ndizi, na tangu siku hiyo hadi tarehe 30 Septemba 1985 alizitumikia timu kumi na nne katika nchi tano za ugenini, Marekani, Mexico, Venezuela, Nikaragua na Italia, na hakuna hata moja iliyomweka misimu mitatu mfululizo. Iowa alifika Aprili akakuta theluji na hana koti. Montana alilala kwenye basi zaidi kuliko kitandani. Italia walimlisha tambi asubuhi na jioni. Kila walikomchukua waliusifu mkono wake na kumfukuza mwenyewe. Aliachishwa kwa simu, kwa telegramu, kwa barua iliyokuwa na jina la mtu mwingine, na mara moja, kule Torreón, alifika uwanjani akakuta kabati lake limetiwa kufuli jipya na hakuna anayemtazama usoni. Mimi ninazo kadi zake arobaini na moja, zenye picha za madaraja na makanisa, na nyuma zote zimeandikwa maneno yale yale, "Dada, mimi mzima, wamenihamisha."

Niwaambie ukweli, ndugu waombolezaji, mimi nilichoka kuzisoma, na nilikuwa nasonya posta mbele za watu. Mtu ana mkono aliopewa na Mungu, na kila mahali anaambiwa subiri hapo mlangoni.

Mlango ulifunguliwa mara moja. Tarehe 29 Julai 1977 alipandishwa ligi kuu ya Marekani, katika timu ya mji mmoja wa kaskazini ambao sitautaja, kwa kuwa na wao katika siku ishirini na tatu hawakujifunza kulitaja jina lake. Jumapili tarehe 14 Agosti timu ilikuwa nyuma, akaingizwa yeye, kipindi cha sita, akawazuia wapigaji wote hadi timu yake ikageuza mchezo, na ushindi ukaandikwa kwa jina la Eleuterio Matos. Wakampa mpira wenyewe, wameuandika kwa wino wa buluu, tarehe 14 Agosti 1977, ushindi wa kwanza. Wa kwanza, waliandika, kana kwamba wanao wa pili wamemwekea. Siku sita baadaye kocha alimfuata hotelini, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Matos, mwenzako amepona bega." Basi. Nguo zake zilikuwa kwa dobi, akaondoka na begi na mpira, na suruali zake mbili mpaka leo hii ziko kule kaskazini.

Marehemu alifunga ndoa na Nurys Peláez tarehe 22 Desemba 1973, katika kanisa letu la Barahona, Desemba kwa sababu ndicho kipindi ambacho hakuna timu iliyomhitaji, na wakajaliwa watoto watatu, Casilda tarehe 30 Septemba 1974, Silverio tarehe 11 Oktoba 1976, na Miguelina tarehe 26 Agosti 1980. Fanyeni hesabu wenyewe za miezi, mtaona alikuwa nyumbani lini. Hakuwepo hata mtoto mmoja akizaliwa. Nurys aliwazaa, akawalea, akawatibu surua, akalipaka chokaa jumba lote kwa mikono yake, na kila Oktoba akalipokea lile sanduku la safari kwa uso mkunjufu, mimi nisingeweza.

Telo aliporudi moja kwa moja mwaka 1985, ule mpira aliuweka juu ya kabati la vyombo, kando ya picha ya Bikira, akaufunika kwa bilauri ya kioo. Watoto walikatazwa kuugusa. Nadhani hata nzi walikatazwa. Paa la nyumba nalo lilikuwa limechakaa, na mwishoni mwa mwaka 1995 mvua ikawa inamdondokea Nurys ndani ya sufuria ya maharage, naye siku moja akasema mbele yangu na mbele ya kila aliyekuwepo, "Iko siku nitauuza huo mpira wako ninunue mabati!" Alisema kwa hasira, kama sisi wanawake wote tuliopo hapa tulivyokwisha kusema tutawachinja waume zetu, na waume hao hapo, wazima, wanakunywa kahawa.

Jumapili tarehe 21 Januari 1996, sikukuu ya Bikira wetu, baada ya misa watu wote tulikwenda uwanjani, wazee wa Palmarito wakicheza na wazee wa Santa Librada, na Telo akatupa mchezo mzima. Kipindi cha mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja, amebaki mpigaji mmoja wa kutolewa, wakimbiaji wamejaa vituo vyote vitatu, na mpira wetu wa mwisho ukapigwa ukaangukia mfereji wa miwa, maji yakauchukua. Mwenyeji akikosa mpira amepoteza mchezo, ndiyo sheria ya huku. Santa Librada wakaanza kucheza ngoma. Bolo akadandia baiskeli, akarudi baada ya dakika kumi na mpira uliopakwa tope, kama waamuzi wanavyoupaka mpira mpya ili usimteleze mtupaji, Telo akautupa mara tatu, mpigaji akakata upepo mara tatu, na tulimbeba ndugu yangu mabegani hadi nyumbani. Ndiyo siku niliyomwona akicheka kwa meno yote. Akaingia ndani. Bilauri ipo, mpira hakuna.

Alhamisi yake Amable, kaka yake Nurys, akawasili kutoka Azua na mabati mapya kwenye lori, kama alivyokuwa ameahidi tangu Krismasi, na kesi ikaisha bila hakimu.

Kuanzia hapo, kwa miaka ishirini na saba na miezi karibu kumi, marehemu hakumwambia mkewe neno moja uso kwa uso. Alikula chakula chake, alivaa shati alilopigiwa pasi na mkewe, na wakiwa meza moja, bega kwa bega, alikuwa akinigeukia mimi na kusema, "Ercilia, mwambie mama Miguelina chumvi imezidi." Na Nurys ananiambia, "Wifi, mwambie huyo bwana kisima kiko pale, akanywe maji." Nikakonda kwa kubeba maneno. Nisipokuwepo mimi, alibeba Bolo, aliyekula pale kila Jumapili, na wala hakuwahi kuchoka, alibeba ujumbe wa chumvi kwa adabu, akaomba na kuongezewa wali.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2015, na tangu Machi 2021 figo zikashindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki hospitali ya Barahona, hadi alipofariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, saa ile ile aliyozaliwa. Jumatatu jioni nilikuwa kitandani kwake, na Nurys ameshika kikombe, anamnywesha. Telo akameza, akanigeukia mimi, akasema, "Ercilia, mwambie Nurys nimemsamehe." Nurys akashusha kikombe. Alimfuta kidevu kwanza, kisha akasema, "Wifi, mwambie sitaki msamaha wake. Nataka mpira." Sikuwahi kuyafikisha, kwa sababu alikuwa amefumba macho. Ndiyo maana kiti kile kichwani kiko tupu, Nurys amesema hawezi kukaa mbele ya mji mzima kama mwizi aliyesamehewa, na mimi, Mungu anione, ningekuwa yeye nisingekuja hata mazikoni.

Familia inamshukuru daktari wa figo aliyekuwa akimsikiliza Telo akisimulia Montana kila wiki kama haijui, inawashukuru wauguzi wa zamu, majirani mlioleta viti, kahawa na chai ya tangawizi, wachezaji mliotoka hadi Azua na San Juan, na dereva wa kiwanda aliyetoa gari bila kuombwa mara mbili. Timu zile kumi na nne hatujapata salamu zao, pengine zimetumwa kwa jina la mtu mwingine.

Sasa, Padre, kwa ruhusa yako, naomba wote tuinamishe vichwa, tufumbe macho, tukae kimya kwa muda ule ambao Telo alikuwa akiushikilia mpira kifuani kabla ya kutupa. Nitahesabu moyoni hadi ishirini na tatu, siku moja baada ya nyingine. Mireya, na wewe fumba.

Inueni vichwa. Msinitazame mimi, tazameni jeneza. Bolo, usiutoe mkono.

Nimesema usiutoe. Uache hapo hapo, umeingia hadi kwenye kiwiko, chini ya kwapa la kushoto la ndugu yangu, kama ulivyoniambia utafanya. Haya ninayoyasoma niliyaandika leo saa mbili asubuhi, wakati Bolo yuko kwake analipiga pasi koti, na kama nimekosea nisameheni wote, lakini naona kwa nyuso zenu kwamba sikukosea.

Jana alasiri nilikuwa pale nyuma namenya tangawizi, Bolo akaja akakaa juu ya ndoo, akaniapisha kwa Bikira, nikabusu kidole, naye akanieleza kwamba siku ile ya sikukuu alipanda baiskeli akazunguka nyumba tatu, hakuna mpira, akaingia humu ndani kwa Telo, akainua bilauri. "Kwa mtupo mmoja tu, Ercilia," anasema. "Ningeurudisha kabla hamjatoka uwanjani." Akaupaka tope usitambulike, akampa mwenyewe. Na Telo akaupima mkononi, akamwambia, "Kompadre, huu umenikaa vizuri, umeutoa wapi?" Mmesikia? Mpira alioulilia miaka ishirini na saba aliutupa yeye, mara tatu, akashinda nao, ule ushindi wa pili ambao hawakumwandikia. Bolo alipokwenda kuuosha, tope likatoka na wino ukatoka pamoja nalo, ukabaki mweupe kama yai, na mtu huyu akaogopa, akauficha kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikamuuliza, "Na Nurys je?" Akasema, "Ningesema lini, da Ercilia? Kila Jumapili tulikuwa tunakula."

Akaniomba niwainamishe vichwa kwa muda mrefu, ili auzike mpira na siri yake, na Nurys abaki na wizi wake. Nikamwambia, usiwe na wasiwasi, kaka, nitawainamisha. Nikamwambia kwa upole, huku naitazama tangawizi.

Silverio, mshike baba yako wa ubatizo bega asianguke, lakini mkono ubaki ulipo mpaka kila mtu aone. Nurys, wifi yangu, toka huko jikoni, acha vikombe, njoo uchukue mpira wako kwenye vidole hivyo vya mdakaji vilivyopinda, ukae kwenye kiti chako, na ukitaka kumwambia mumeo neno, mwambie mwenyewe, mimi kubeba nimeacha leo.

Telo, ndugu yangu, pumzisha mkono. Huyu ni wa mia moja na kumi na nne.